Kichwa Kisicho na Mwenyewe



Muuza mananasi anayeijua kazi yake habishani na mteja. Anachukua kisu, anakata kipande, anakuchomea kwenye ncha na kukunyooshea: onja. Ukishaonja, maneno yamekwisha. Ama unatoa pesa, ama unaondoka na haya kidogo kwa kula cha bure. Sasa mtu anayeuza kichwa cha treni atakuonjesha vipi? Kipande hakikatiki. Inambidi akupe kichwa kizima, pamoja na mafuta na fundi wake, akwambie: kifunge kwenye treni yako nzito kuliko zote, kipeleke kwenye mlima unaokutesa, kisha tukae tuzungumze bei.

Ndivyo walivyofanya watengenezaji wa Marekani kwa miaka mingi. Walitengeneza kichwa kimoja, au viwili, au vinne, wakavipaka rangi za kiwanda badala ya rangi za shirika lolote la reli, wakavituma kuzunguka nchi kutafuta wanunuzi. Kwa Kiingereza vinaitwa vichwa vya kuonyeshea. Mimi naviita vichwa vya kionjo, kwa sababu ya yule wa mananasi. Na nasema kichwa, sisemi injini, kwa sababu nilizaliwa Tabora, pale njia ya Kigoma na njia ya Mwanza zinapoachana, na Tabora mtoto akisikia honi husema kichwa kinakuja. Mazoea hayo nimehamia nayo hadi huku St. Louis, Missouri.

Kuna watu, nami nimo, wanaovikusanya vichwa hivi vikiwa vidogo vya kubeba kiganjani na kuviendesha kwenye meza ya reli. Meza yangu ina futi nne kwa nane, iko chini ya nyumba, kwenye chumba cha ardhini, karibu na mashine ya kufulia. Kipimo ni kile cha 1 kwa 87, kinachopendwa kuliko vyote Marekani: kila sentimita 87 za dunia huwa sentimita moja mezani, na nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Nina mashine ya kuongozea, nina milima ya plasta, nina stesheni moja ambayo gundi yake haijawahi kushika vizuri.

Binti yangu alipokuwa na miaka saba alikuwa akishuka kunitazama. Alikuwa anajua kusoma ubavuni mwa kila kichwa: hiki cha Santa Fe, hiki cha Southern, hiki cha Wabash. Siku moja nikaweka relini kichwa kipya cha kijani iliyokolea chenye mkanda wa manjano, na namba 103. Akakizunguka huku na huku, akatafuta jina la shirika asilione. Akaniuliza, "Baba, hiki ni cha nani?"

Nikamwambia, bado hakijapata mwenyewe.

Hiyo 103 ndiyo baba wa vichwa hivi vya kionjo. Tarehe 25 Novemba 1939, vichwa vinne vilivyoungwa pamoja vilitoka kwenye kiwanda cha La Grange, karibu na Chicago. Mwenye kiwanda ilikuwa kampuni ya Electro-Motive, mtoto wa General Motors, ile ya magari. Kila kimoja kilikuwa na injini ya dizeli ya silinda 16 yenye nguvu farasi 1,350, na vinne kwa pamoja vilifika 5,400. Cha mbele na cha nyuma vilikuwa na chumba cha dereva. Viwili vya katikati vilikuwa masanduku matupu ya nguvu, bila kioo cha mbele wala kiti. Dereva mmoja aliviongoza vyote. Kwa vichwa vya mvuke jambo hilo haliwezekani: ukiunga vinne, unahitaji madereva wanne na wachochea moto wao, na wapatane kwa honi.

Enzi zile dizeli haikuwa ngeni kabisa Marekani. Ilikuwa ikisukuma mabehewa kwenye yadi, na ikivuta treni nyepesi za abiria zilizong'aa kama sinia. Lakini mizigo mizito, makaa ya mawe, mbao, ngano, kuvuka milima? Hapo wakubwa wa reli walicheka. Mvuke ulikuwa umeifanya kazi hiyo kwa miaka mia moja. Mtu hajengi sifa kwa kutupa kitu kinachofanya kazi.

Basi 103 ikazunguka. Miezi 11. Maili 83,764, ambazo ni zaidi ya kilomita 134,000. Ukitaka kulinganisha, ni kama kuizunguka dunia mara tatu na kitu. Ilifanya kazi kwenye reli za mashirika 20, katika majimbo 35. Ilivuta mizigo pwani usawa wa bahari, na ikavuta mizigo milimani Colorado, futi 10,240 juu. Ilikutana na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri na joto la jangwani la nyuzi 46 za Selsiasi. Kila shirika liliitia kwenye kidonda chake. Wenye mlima waliipa mlima. Santa Fe, ambao njia yao inapita majangwa ya Arizona na California, waliipa jangwa.

Na hapa nataka tutue kidogo, maana ndipo mambo yalipoamuliwa. Kichwa cha mvuke kinakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Jangwani maji hakuna, na yaliyopo yana chumvi inayokula mabomba. Santa Fe walikuwa wakibeba maji kwa treni za matangi ili vichwa vya treni nyingine vipate kunywa. Yaani treni ya kulisha treni. Halafu kinakuja kichwa cha kijani kisichoomba hata debe moja la maji kwa ajili ya mvuke. Hapakuwa na haja ya hotuba. Santa Fe wakaweka oda, na kufikia mwanzoni mwa 1941 walikuwa na vya kwanza mkononi. Aina hiyo, iliyoitwa FT, ilitengenezwa hadi Novemba 1945, na jumla yake ilifika 1,096. Kufikia 1960 mvuke ulikuwa umekwisha kwenye mashirika makubwa ya reli ya Marekani. Kutoka kionjo kimoja hadi mazishi, miaka ishirini.

Na 103 yenyewe? Iliuzwa kwa shirika la Southern, ikapakwa rangi zao, ikapewa namba 6100, ikaingia kazini kama mfanyakazi yeyote.

Turudi mezani. Kwa mtu wa treni ndogo, kichwa cha kionjo kina utamu wa pekee, na utamu wenyewe ni wa kisheria, kama naweza kusema hivyo. Watu wa burudani hii tuna ukali wetu. Ukiamua kwamba meza yako ni reli ya Southern mwaka 1940, basi ni Southern mwaka 1940. Ukileta kichwa cha Santa Fe, mgeni wako atakohoa. Ukileta behewa la 1955, atakohoa zaidi. Lakini kichwa cha kionjo kina pasipoti. Kilikwenda kwa mashirika 20. Nani atakukataza kukifunga mbele ya treni ya shirika lako? Mtu mwenye meza ya reli ndogo ya mkoani, ambayo isingeweza kununua mashine ya aina ile, anaweza kukikaribisha kwa wiki moja na hakuna atakayesema amedanganya.

Ila pasipoti hiyo ina tarehe ya mwisho, na wengi wanaisahau. 103 ya kijani, yenye namba hiyo na rangi hiyo, iliishi mwaka mmoja na kitu tu. Baada ya hapo ni 6100. Nimeona meza za watu ambako vichwa vya kionjo vya 1939, vya 1953 na vya 1960 vimejipanga kwenye stesheni moja kama ndugu wa msiba mmoja. Vinapendeza, sikatai. Lakini hilo ni kabati la vyombo.

Namfahamu mzee mmoja, mstaafu, ambaye ana kabati la namna hiyo kweli. Kioo mbele, taa juu, vichwa vya kionjo zaidi ya thelathini, vingine bado viko kwenye maboksi yake na karatasi yake laini. Amenifundisha mengi yule mzee na namheshimu. Tunachokosana ni kimoja tu. Yeye anasema kichwa kikiendeshwa thamani yake inashuka: magurudumu yanachakaa, rangi inaparuzwa. Ni kweli. Mimi nasema kichwa cha kionjo kisichojaribiwa ni nanasi la plastiki. Kilitoka kiwandani ili kishindwe au kishinde. Ukikiweka kwenye kioo umekinyima jambo pekee kilichozaliwa kulifanya.

Kwa hiyo kwangu vinajaribiwa. Nieleze namna.

Kwanza, kinakuja kimoja kwa wakati mmoja. Kinaingia kama mgeni, kikiwa kimekokotwa, kimezimwa, mwishoni mwa treni ya mizigo. Kinawekwa kwenye njia ya pembeni karibu na mnara wa makaa. Hapo nina lori dogo la tangi, kwa sababu stesheni ya mwaka 1940 iliyozoea mvuke haikuwa na pampu ya dizeli; mafuta yaletwe. Wenye kupita wakiona lori la mafuta chini ya mnara wa makaa wanaelewa hadithi yote bila kuelezwa. Nyuma ya kichwa naweka gari la kupimia mvuto, lile lenye mitambo ya kurekodi kila mvuto wa kiungo, na behewa la wakubwa waliokuja kutazama.

Pili, mzigo. Mabehewa madogo yana kasoro moja: yanateleza kirahisi mno, hata kichwa kibovu kinajiona simba. Nimeyajaza yangu sarafu na vipande vya risasi. Mlima wangu unapanda sentimita tatu kwa kila mita, ambao kwa reli za kweli ni mlima mkali. Nina daftari. Naandika kichwa, idadi ya mabehewa, na mahali magurudumu yalipoanza kuzunguka bure. Mke wangu anasema ni daftari la kijinga kuliko yote aliyowahi kuyaona, na yeye amewahi kuwa mwalimu.

Tatu, subira ya kona. Zile FT nne zikiungwa zina urefu wa futi 193 katika dunia ya kweli. Kwa kipimo changu ni sentimita 67 na nusu, zaidi ya robo ya urefu wa meza nzima. Siku ya kwanza ziliparuza ukingo wa jukwaa la stesheni, ile ya gundi mbovu, na jukwaa likaenda nazo hadi kwenye daraja. Na kuna suala la mota. Zamani, kwenye umeme wa kawaida wa volti 12, vichwa vinne vyenye mota zisizolingana vilivutana kama punda wawili kwenye mkokoteni. Sasa kwa mfumo wa kidijitali unakipa kila kichwa namba yake, unasawazisha mwendo wake, kisha unaviunga vitii amri moja. Ni lile lile alilofanya fundi wa La Grange mwaka 1939, dereva mmoja kwa vichwa vinne, na kila nikilifanya najiona mtu mkubwa.

Lakini nisikudanganye kwamba vionjo vyote vilishinda. Mimi, ukweli, napenda zaidi vilivyoshindwa.

Mwaka 1953 kampuni ya Fairbanks-Morse, ya mji wa Beloit, Wisconsin, ilileta mnyama aliyeitwa Train Master. Nguvu farasi 2,400 kutoka injini moja, wakati washindani wake hawakuwa na kitu kama hicho. Vichwa vya kionjo vilikuwa vinne: TM-1 hadi TM-4. TM-1 ilipelekwa kwenye maonyesho ya watengenezaji wa vifaa vya reli Atlantic City, New Jersey, mwezi Juni mwaka huo, na watu wakakizunguka kama bwana harusi. Injini yake ilikuwa ya ajabu: ndani ya kila silinda pistoni mbili zinakimbiliana, moja ikitoka juu na nyingine chini, zinakaribia kugongana katikati na hapo ndipo mafuta yanapolipuka. Hakuna kifuniko cha silinda. Kuna kranki juu na kranki chini. Injini za namna hiyo zilikuwa zimefanya kazi nzuri ndani ya nyambizi za jeshi la majini la Marekani.

Tatizo halikuonekana siku ya kuonja. Lilionekana karakanani. Pistoni ya chini ikiharibika, fundi anaanza kufungua kutoka juu: anaondoa kranki ya juu nzima ndipo ashuke. Fundi aliyezoea injini ya General Motors, ambayo unabadilisha pistoni moja na kwenda kunywa chai, alikuwa akiiona Train Master anakunja uso. Vilitengenezwa 127 tu, pamoja na vya Kanada. TM-1 na TM-2 vilinunuliwa na Wabash vikawa namba 550 na 551. TM-3 na TM-4 vikaenda Southern Pacific. Kilichobaki kizima mpaka leo ni kimoja, cha Canadian Pacific, kwenye makumbusho ya reli huko Saint-Constant, Quebec.

Kwenye daftari langu, TM-1 ndiyo inayoongoza. Imepanda na mabehewa 19 yenye sarafu. Mezani kwangu hakuna anayefungua kranki.

Hapo ninavyo viwili, msikilizaji: TM-1 yenye sura ya kiwanda, na 550 ya Wabash. Ni kichwa kile kile kabla na baada ya kuolewa. Haviruhusiwi kuonekana mezani siku moja. Binti yangu, ambaye sasa ni mkubwa na anajifanya hapendi treni, ndiye anayenikumbusha.

Kionjo kingine ambacho sitakiuza ni namba 751 ya General Electric. Kampuni hiyo kwa miaka ilikuwa ikiuza mitambo ya umeme kwa ALCO, mtengenezaji wa Schenectady, New York. Halafu ikaona, mbona tunampikia mwingine? Mwaka 1959 na 1960 vichwa 751 na 752 vikatoka kiwanda chao cha Erie, Pennsylvania, vikaanza kuzunguka kwa mashirika ya reli. Kilichozaliwa hapo kikaitwa U25B, chenye nguvu farasi 2,500. ALCO wakaacha kutengeneza vichwa mwaka 1969. Katika miaka ya themanini General Electric ikaipita hata General Motors.

Herufi ile U ndiyo iliyonifanya nikipende. Kabla ya kuuzia nyumbani, General Electric walikuwa na familia ya vichwa vya kuuza nje ya nchi, tangu 1956, na U ilisimama badala ya neno lenye maana ya kufaa kila mahali. Wamarekani waliposikia U wakavipa jina la utani la nyambizi za Wajerumani. Kule kwetu Afrika Mashariki hakuna aliyecheka. Kenya ilipata U26C, ambazo wana reli wanazijua kama daraja la 93, na TAZARA ikapata U30C. Kwa hiyo mtu wa Mbeya aliyesikia mngurumo ule usiku amesikia mjukuu wa kionjo cha Erie, na hakumuuliza jina.

Waingereza nao walikuwa na vyao, na nitavipitia haraka kwa sababu sina nafasi navyo mezani: kipimo chao ni kingine. Kipo Deltic ya 1955, ya English Electric, kampuni ile ile iliyoleta vichwa vya dizeli Afrika Mashariki mwaka 1960. Ilikuwa ya buluu nyepesi, nguvu farasi 3,300, na ilizaa vichwa 22 vya njia ya London na Edinburgh. Ipo Lion ya 1962, nyeupe tupu, nyeupe kwenye reli jamani, ambayo haikuzaa hata mtoto mmoja na ikavunjwa. Na Kestrel ya nguvu farasi 4,000, ambayo Waingereza waliiuza kwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1971. Zote tatu zina mifano midogo madukani. Ukifikiri, Lion haikupata mnunuzi ilipokuwa kubwa, na leo watu wanapanga foleni kuinunua ikiwa ndogo.

Neno moja kwa anayetaka kuanza. Angalia umbo kabla ya rangi. Kutengeneza kalibu ni ghali, hivyo mtengenezaji wa treni ndogo hupenda kuchukua umbo la kichwa cha kawaida na kukichapa rangi na namba ya kionjo. Lakini kionjo mara nyingi hakikufanana na ndugu zake waliofuata; wateja walilalamika, na mafundi wakabadilisha. Deltic ile ya kwanza ina nyumba kubwa ya taa puani, kwa mtindo wa Kimarekani, ambayo zile 22 hazina. Mtu akikuuzia ya buluu nyepesi bila taa ile, amekuuzia mbuzi kwenye gunia. Tafuta picha kwanza. Na usinunue vingi. Nunua kimoja, kipe mlima.

Kuhusu 103, cha mbele kati ya vile vinne hakikuyeyushwa. Kilirudishiwa kijani na manjano yake kwa ajili ya kutimiza miaka 50, mwaka 1989, na kipo kwenye makumbusho ya usafirishaji huko Kirkwood, dakika chache kwa gari kutoka nilipo. Nimempeleka binti yangu pale mara mbili. Ukipita St. Louis, nenda ukakione. Lakini usitafute jina la mwenyewe ubavuni.